Baridi ya Mama

Kwa miaka mingi mama yangu alivaa sweta la mtoto. Lilikuwa la kijani, lenye mstari mweupe kifuani, na lilimbana makwapani hadi mikono ikawa inakaa mbali na mwili kama ya mtu anayejiandaa kupigana. Alilivaa chini ya kanga shambani, mnadani, msibani, hata harusini. Kwetu Likunja baridi ipo, sikatai. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi usipoota moto kwanza huwezi kushika jembe. Lakini mama alilivaa hata Novemba, wakati watu wazima wanagombania kivuli na mbuzi wamejilaza chini ya ghala hawataki hata kula. Ukimuuliza, atakujibu, "Nasikia baridi." Basi, hapo ameshamaliza. Watoto wa jirani walimwita Mama Sweta. Niliwafukuza kwa mawe, huku moyoni nikiona hawajakosea sana.

Sweta lenyewe lilikuwa la kaka yangu, na habari yake huwezi kuielewa bila kujua habari ya kifua chake.

Kwa mama tulikuwa wawili, kaka na mimi nimfuataye. Mgonjwa alikuwa yeye. Pumu ilimshika tangu hajajua hata kukimbia vizuri. Ikifika baridi, au akina mama wakikaanga korosho uani na ule moshi wake mchungu unaokwangua koo, kaka alikuwa kwisha habari yake. Alikaa ameinama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na kifua kinapiga mluzi mwembamba unaousikia ukiwa nje ya nyumba. Mimi sikujua hata mafua. Nilikuwa wa kutumwa: kimbia kwa bibi, kimbia zahanati, chemsha maji haraka wewe! Siku moja nilimbeba mgongoni kutoka shule, mdogo mtu tena wa kike, na wenzake wanatuzomea njia nzima. Nikamshusha, nikawatukana mmoja mmoja kwa jina la baba yake, nikambeba tena.

Bibi alisema watoto wa kiume vifua vyao vyepesi ndiyo maana. Na kweli, pale kwetu ukitaja watoto wenye pumu, wengi walikuwa wavulana. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Baba alimnunulia kaka sweta mnadani Ruangwa ili kifua chake kipate joto, na mama akawa analiangalia lile sweta kama mboni ya jicho.

Mwaka ule kaka alipofikia umri wa jando, mama alikataa asipelekwe. Alilia waziwazi. Atapumuaje porini, na vumbi lile, na moshi wa kuni mbichi? Lakini kwetu sisi Wamwera mjomba akishasema, kesi imekwisha, na mjomba alisema mtoto wa kiume haachwi nyuma kwa sababu ya kikohozi. Kaka akaenda. Muda wote ambao vijana walikaa kumbini, kile kibanda chao cha porini, mama alishika miiko yote ya mama mwenye mtoto kumbini, na mingine nadhani aliitunga mwenyewe. Hakucheka, hakugombana na mtu, hakujipaka hata mafuta.

Siku ya kutoka, kumbi huchomwa moto. Na ndani yake huchomwa kila kitu ambacho kijana alikivaa kabla, maana mtoto yule wa zamani amekwisha, anayerudi nyumbani ni mtu mpya na nguo mpya, na haruhusiwi kugeuka kutazama moshi. Siku chache kabla, mjomba alipita nyumba kwa nyumba kukusanya nguo za zamani za vijana. Mama alimpa shati, kaptula na shuka lililochakaa. Sweta hakumpa. Lilikuwa bado zima, halijatoboka hata uzi mmoja, na mama yangu ni mtu ambaye hatupi hata kifuniko cha chupa. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Wakati ule nilichojua mimi ni kwamba kaka alirudi amenenepa, kavaa shati jeupe, na mama akanipa mimi sweta lake.

Jamani, nilivyofurahi! Nilikuwa sijawahi kuwa na sweta. Nililivaa misimu kadhaa ya baridi hadi mikono ikawa mifupi, na aliyeuliza mama alimwambia ni jingine la mnadani.

Na kaka akapona. Msimu wa kwanza baada ya jando kifua kilimkoroga mara moja moja. Uliofuata, kidogo zaidi. Halafu basi, kimya, kama hakuwahi kuumwa. Sauti ikawa nzito, mabega yakapanuka, na kijiji kizima kikasema pumu ameiacha kumbini, imeungua na kumbi. Mjomba alitembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyeitibu. Wazazi wenye watoto wanaobanwa wakawa wanaulizia jando la mwaka ujao.

Mimi nikavunja ungo. Nikachezwa unyago kama wasichana wote, nikafundwa niliyofundwa, ambayo siwezi kuyaandika hapa hata mnipe nini. Ila moja litabidi niliseme. Kwetu mambo ya mwezi msichana hayazungumzi na mama yake. Kabisa! Ukiyaona, unamwambia bibi, au somo wako, yule mwanamke aliyekufunda. Mama huletewa habari kwa mafumbo na watu wengine, naye hujifanya hajasikia. Hiyo ndiyo heshima. Somo wangu alikaa Matambarale, na alinikazia macho akaniambia, "Mama yako hilo hulitaji mbele yake mpaka mnazikana." Nikaitikia.

Baridi iliyofuata, asubuhi moja narudi na ndoo ya maji kichwani, wanaume walikuwa wanapulizia mikorosho salfa shamba la pili. Salfa ni ule unga wa njano wa kuua ukungu, hupulizwa asubuhi kukiwa bado na umande ili ushike kwenye majani. Ukungu wa njano ulikuwa umetanda njiani. Nikapita ndani yake kama nilivyopita kila mwaka. Hatua chache tu, kifua kikafunga. Nikatua ndoo. Nikakaa chini. Nikavuta hewa, haiji. Nikavuta tena, haiji. Halafu nikasikia mluzi mwembamba, nikageuka kutafuta nani anapiga, kumbe ni mimi.

Kaka ndiye aliyenikuta. Alitua mashine ya salfa mgongoni, akachutama mbele yangu, akasikiliza. Uso ulimbadilika. "Huo mlio ni wangu," alisema.

Basi habari ikaenea kabla ya jua kupanda. Kaka kaitupa pumu, dada kaiokota. Watu walikuja kutupa pole huku wanaangaliana. Bibi alishika kiuno akauliza kwa sauti, mbele ya wote, ugonjwa umepita wapi hata ukaingia kwa huyu, mbona kila kitu kilichomwa?  Mama aliingia ndani, akatoka, akaja moja kwa moja nilipokaa, akanivua sweta. Nilikuwa nahema bado! Nikadhani anataka nipate hewa. Kesho yake nikamwona amelivaa yeye.

Nilikasirika, msiniulize. Sweta langu! Halimtoshi, linambana, mimi ndiye mgonjwa wa kifua, mimi ndiye wa kupewa joto, na yeye anazunguka nalo! Nilimnunia wiki nzima. Nilimuuliza, "Mama, si uninunulie basi lingine?" Akasema, "Utanunuliwa." Akanunuliwa kweli binti yake, jekundu, zuri. Lakini lile la kijani hakulivua, na hapo ndipo ile baridi yake ilipoanza.

Nilipofaulu kwenda sekondari Nachingwea, pumu nilikwenda nayo. Bwenini ndipo nilipoanza kuona utaratibu wake. Ilikuja na vumbi, ilikuja na mafua, hiyo sawa. Lakini ilikuja pia kila mwezi, siku chache kabla ya siku zangu. Kifua kinaanza kuwa kizito, nikipanda ngazi ya darasa napumzika katikati, halafu damu ikishatoka, mambo yanalegea. Mwezi mzima ningekimbia riadha, lakini zile siku chache, hata kufagia nilishindwa. Mwalimu mlezi wa bweni letu naye aliuona utaratibu huo, ila aliusoma kivyake. Alisema najidekeza. Alisema mbona wavulana wenye pumu wanaumwa kipindi cha baridi tu, iweje mimi yangu ina kalenda? Akanipangia kudeki bafu. Nilideki huku napiga mluzi, na nikimwona anapita nauongeza makusudi.

Likizo nilimweleza somo wangu. Yeye hakushangaa. Alisema wapo wanawake wa namna hiyo, mama yake mdogo alikuwa hivyo hivyo, akanichemshia mizizi ambayo haikusaidia kitu ila kunitapisha. Nikamuuliza, "Nimwambie mama?" Akaruka! "Umwambie nini? Ulifundwa au ulikwenda kula ubwabwa tu?" Basi nikanyamaza. Mama aliniona naumwa, akanipikia uji, akanikanda mgongo, na mimi siri ya mwezi nikaimeza. Yeye naye alikuwa na ya kwake aliyoimeza. Nyumba moja, chungu kimoja, na kila mmoja ameshika nusu ya habari.

Kaka wakati huo alikuwa mwanaume kamili. Alikodiwa kupulizia salfa mashamba ya watu, mashine mgongoni inanguruma, unga wa njano hadi kwenye kope, hajifungi hata kitambaa puani. Akirudi nyumbani anaimba. Nilikuwa namwangalia natamani nimchape. Yaani mtu niliyembeba mgongoni! Siku moja alinikuta nimeinama mezani, akataka kunichekesha, akasema, "Pole dada, mali yangu hiyo nimekurithisha, itunze." Mimi nilicheka kwa pumzi niliyokuwa nayo. Mama, ambaye hajawahi kumpigia kelele mtoto wake hata mmoja, aliupiga mwiko chini ukavunjika. "Usirudie!" alifoka. "Usirudie neno hilo nyumbani kwangu!" Kisha akavuta sweta mabegani kama anayetaka lishuke mpaka magotini. Tulitazamana na kaka, hatukuelewa.

Niliolewa Nachingwea mjini na mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka bara. Mtu mwema, mpole, anayeamini kila jambo lina maelezo yake. Hospitali nilipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile ya kichupa unachokibonyeza, na kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo nikaishi kama watu. Nililima bustani, nilicheza ngoma kwenye harusi, nililala chali! Mtu ambaye hajawahi kubanwa hawezi kujua kulala chali ni starehe gani.

Halafu nikapata mimba, na nikaogopa.

Mwanzoni kifua kilikuwa shwari. Mimba ilipochomoza, kikaanza kubana kuliko nilivyowahi kubanwa. Na majirani nao wakaanza. Dawa hiyo ya kuvuta, mwenzangu, si inakwenda moja kwa moja kwa mtoto? Fulani alivuta, mtoto akatoka mfupi wa pumzi. Fulani mwingine alivuta, mimba ikachoropoka. Kila aliyepita kibarazani alikuwa na Fulani wake. Mimi mtoto nilimtaka kuliko pumzi. Nikakifunga kile kichupa ndani ya kitambaa, nikakiweka juu ya kabati nyuma ya sufuria kubwa, nikamwambia mume wangu kimekwisha. Nikawa nashindia kahawa chungu na kukaa nimeegemea meza. Nilimtumia mama ujumbe aje.

Mama alikuja asubuhi moja kwa lori la mizigo kutoka Ruangwa. Jua lilikuwa limeshawaka, hata mapaa ya bati yanalia. Aliteremka kijasho kinamtiririka, na chini ya kanga, ndiyo, amelivaa. Aliponiona nimekaa mabega juu, midomo imenipauka, hata salamu yangu hakuipokea. "Umenywa dawa?" Nikatikisa kichwa. "Kwa nini?" Nikashika tumbo. Akageuka kwa mume wangu, na mume wangu akageuka kwangu, mimi nikatazama juu ya kabati, nao wakafuata macho yangu. Sikumbuki vizuri tulivyofika hospitali. Nakumbuka tu vumbi la barabara na mkono wa mama umenishika chini ya kwapa.

Waliniwekea barakoa yenye mvuke wa dawa, wakanichoma sindano, na taratibu, kama mlango wenye kutu unavyokubali, kifua kikafunguka. Nilivuta hewa ikashuka hadi chini kabisa. Alhamdulillahi! Mtoto naye akanipiga teke la mbavu, nadhani la kunigombeza.

Ilipofika karibu na saa sita, mume wangu amekwenda kutafuta uji, daktari alivuta kiti akakaa nasi. Alikuwa mwanamke, mgeni wa huku, ametoka kanda ya ziwa, na mambo yetu ya heshima hakuyajua hata moja. Shikamoo alimpa mama vizuri, halafu akanigeukia na maswali.

"Pumu ilianza ukiwa na umri gani?"

"Nilikuwa msichana," nikasema.

"Kabla au baada ya kuvunja ungo?"

Mtume! Mama alisimama papo hapo kama aliyekalia siafu, akaanza kukusanya kanga zake atoke.

"Kaa tu, mama," daktari akasema, "nakuhitaji. Na ulipokuwa huna mimba, kuna siku za mwezi kifua kilikuwa kinabana zaidi?"

Mama alikuwa amesimama, mgongo kwetu, anatazama dirisha. Mimi nilitazama sakafu. Nina mimba, tumbo hilo hapo, kila mtu anajua lilivyoingia, na bado ulimi ulikuwa umegoma. Niliisikia sauti ya somo wangu kama amesimama mlangoni. Mpaka mnazikana, alisema. Nikafikiri, naye mtoto huyu nikimzika je? Nikasema. Nilisema yote, haraka haraka, nimefumba macho: baada ya kuvunja ungo, na kila mwezi siku zinapokaribia, tangu mwanzo, miaka yote.

 Nilipofumbua macho mama alikuwa amegeuka. Kanga ilikuwa imemfunika mdomo, macho yamemtoka.

"Kila mwezi?" alisema. Hakuwa ananiuliza mimi, alimuuliza daktari. "Mwanangu inamjia na mwezi wake? Kwa hiyo si sweta?"

"Sweta gani, mama?"

Hapo ndipo alipokaa. Na aliposema, alisema bila kunitazama. Kwamba kaka yangu alikuwa na pumu, akaenda jando, akaiacha kule. Kwamba nguo zake zote zilipaswa kuungua na kumbi, na yeye alificha moja kwa sababu lilikuwa zuri, kwa uroho tu, uroho wa kitu kizima, akamvisha binti yake. Binti akalivaa, na ugonjwa ambao haukuungua ukamwingia. "Nilimpa kwa mikono yangu," mama alisema. "Nilimpitishia kichwani mwenyewe."



Daktari hakucheka, Mungu ambariki alipo. Aliuliza tu kaka alipona akiwa na umri gani, na mimi nilianza nikiwa na umri gani. Kisha akamweleza mama polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. Alisema utotoni pumu huwapata wavulana zaidi. Wakishabalehe, wengi wao huwapungua, wengine huwaisha kabisa kama kaka, awe amekwenda jando au hakwenda. Wasichana ni kinyume chake. Wengi huwaanza wakishavunja ungo, au waliyokuwa nayo huzidi, na ukubwani wagonjwa wengi ni wanawake. Mwili wa mwanamke una vichocheo vyake vinavyopanda na kushuka kila mwezi, na vifua vya baadhi ya wanawake hupanda na kushuka navyo. Mimba pia, alisema: mmoja humpa nafuu, mwingine humzidishia, mwingine hata haoni tofauti. Kwa nini hasa, wataalamu wenyewe bado wanachimba. "Lakini nguo haina pumu, mama. Hukumpa kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanigeukia mimi, na hapo ukali ukatoka. "Na wewe, mtoto huyo hana pua ya kwake humo ndani. Anapumua kwa kifua chako. Ukiacha dawa unamkaba. Umenielewa? Majirani zako wakitaka kutibu, waje nao wasomee." Nikaitikia kama mtoto wa darasa la kwanza. Na niseme ukweli, nilifurahi kugombezwa vile. Nilikuwa nimechoka kuogopa dawa yangu mwenyewe.

Nilidhani yamekwisha. Mama alikuwa bado ameinamia mikono yake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana mimi haikunipata?"

Daktari hakumwelewa. Mimi nilimwelewa kabla hajamaliza.

Mama aliifungua kanga. "Nilijua pumu inahama na nguo," alisema. "Nikasema, kama ilitoka kwa huyu ikaenda kwa huyu, basi ije kwangu. Mimi nimeshazaa, mimi nimeshaishi. Nalivaa tangu siku ile alipobanwa njiani. Nikilala nalivaa. Na kila nikimwona anabanwa nasema, labda sijalivaa vya kutosha." Akashika lile sweta kifuani pale penye mstari mweupe, ambao haukuwa mweupe tena. "Kumbe nilikuwa nasikia joto la bure."

Nililia. Nililia na kucheka na kukohoa vyote kwa pamoja, hata muuguzi akachungulia mlangoni. Yale mawe niliyowatupia watoto! Ule mnuno wa wiki nzima, sweta langu, sweta langu! Nikamwambia, "Mama, livue. Livue hilo dude sasa hivi."

Akajaribu. Weee! Lilikuwa limeshafanya makazi. Lilipita kifuani, likagomea mabegani, kichwa kikaingia ndani kisitoke, mikono imenyooka juu, mama amekaa katikati ya wodi kama kinyago cha kijani. Daktari alishika mkono mmoja, mimi mwingine. "Vuteni!" sauti ya mama ilitoka humo ndani. "Vuteni, msinihurumie!" Tukavuta. Uzi ukakatika makwapani, trrr, na mama akatoka nywele zimesimama, anahema, anacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu utoto wangu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na sauti ya kuita kijiji. Dawa yangu niliivuta mbele ya majirani wote, kibarazani, kwa madaha. Wa pili alikuwa wa kike, na kifua safari ile kilikaa kimya mimba nzima, kama daktari alivyosema kuwa hutokea. Kaka nilimpelekea salamu zake kwamba asijidai sana, pumu huweza kumrudia mwanaume ukubwani, na salfa ile si poda ya kujipaka. Alicheka, lakini siku hizi anajifunga kitambaa puani. Na wanangu wote wawili wana nguo za kurithishana, sichomi kitu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ule mchana tuliporuhusiwa. Mume wangu alitangulia na kapu la vyombo. Sweta tuliliacha kwenye pipa la taka nyuma ya wodi, mama mwenyewe ndiye aliyelitia, halafu akarudi akalisukuma chini zaidi kwa mkono. Tukatoka getini, mimi nimemshika bega. Mikono yake ilikuwa wazi, nilishangaa ilivyokonda, na makovu mawili ya mishono makwapani. Jua la Nachingwea lilikuwa utosini. Mama alisimama katikati ya barabara, akafuta shingo na ncha ya kanga, akaangalia huku na huku kama mgeni aliyeteremka sasa hivi.

"Loo!" alisema. "Kumbe kuna joto hivi?"